Bawasiri na Shimo la Alfajiri

Sijui kama mimi ndiye mtu wa kuandika mambo haya. Niliishia darasa la saba, na kuna watu wameugua kuliko mimi na wamenyamaza. Lakini tangu nipone, wanawake wamekuwa wakinivuta kando, mmoja kwenye foleni ya kupima majani chai, mwingine nje ya kanisa, na kila mmoja huanza vilevile: "Mama Chebet, ati wewe ulikuwa na shida gani?" Halafu anaangalia chini. Naandika kwa ajili ya hao. Kama nimekosea mahali kuhusu dawa, muulizeni daktari. Mimi najua tu vile ilikuwa kwangu, na hata hapo sina uhakika kwamba nakumbuka kila kitu sawasawa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nimeolewa karibu na Sosiot, kwa watu wazuri. Nasema hivyo mapema kwa sababu mbele nitaeleza nilivyowafikiria, na sitaki mtu awachukie. Bwanangu Wesley alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha majani chai upande wa Bomet, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nilibaki na watoto. Jirani yangu wa karibu alikuwa Rael, mke wa kaka yake Wesley, ambaye mlango wake unaangaliana na wangu. Juu kidogo, kwenye kilima, alikaa baba mkwe wetu peke yake. Mkewe alifariki kabla sijaolewa na amezikwa upande wa chini wa boma, karibu na miti ya bulugamu.

Mvua ndefu za mwaka ule zilipofika, choo chetu sisi wanawake kilianguka. Udongo ulilainika, asubuhi moja shimo likajifunga lenyewe, na bati likabaki limelala juu yake. Kikabaki choo kimoja tu, cha mzee.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Kwa wengine nitasema hivi: mke wa mtoto haingii choo cha baba mkwe wake. Hakuna mahali pameandikwa, ni heshima. Hata ile njia ya kwenda huko hatuipiti kama yuko karibu. Mzee na mimi tulikuwa tunasalimiana kwa mbali, yeye akiangalia vilima na mimi nikiangalia miguu yangu, na huko ndiko kuelewana kwetu. Rael yeye alienda choo cha boma la jirani bila wasiwasi. Mimi nilimwonea jirani haya. Nikaamua kujizuia. Nilijizuia asubuhi nikikamua, nikajizuia mchana kutwa nikichuma chai, halafu jioni kabla ya giza nikaingia kwenye bulugamu. Nilipunguza hata maji ya kunywa ili nisisumbuke. Jioni nyingine nilifika pale mwili umeshakataa, basi narudi nilivyoenda. Nilijiona mwerevu sana.

Damu ya kwanza niliiona juu ya mvua ya mawe. Ilikuwa imenyesha alasiri, mpaka chini ya miti kukawa kweupe kama mtu amemwaga unga. Nilichuchumaa, nikasukuma kwa nguvu kama ninayezaa, na nikasikia kitu kinachanika. Nilipogeuka kuangalia, matone yalikuwa yanazama ndani ya yale mawe polepole, yakiyachimba, kama yana moto. Damu nyekundu safi. Hakukuwa na sauti mle ndani. Mvua ya mawe ikiisha, ndege hunyamaza kwa muda, na bulugamu zenyewe zinadondosha maji tu. Nilisimama pale nikihisi kama kuna mtu ameona. Nikafunika kwa majani na kurudi nyumbani kupika.

Niliwaza ni mwezi wangu. Lakini haukuwa wakati wake, na haikutoka huko.

Maumivu yalikuja baadaye, na nitayasema wazi kwa sababu mimi mwenyewe nilitamani kusikia mtu akiyasema. Ukienda haja ni kama unapitisha vipande vya chupa. Ukimaliza, moto unabaki hapo, unapiga pamoja na moyo, mpaka chai ya mchana. Kukaa kwenye stuli siwezi. Kukohoa naogopa. Halafu ikaja siku nikijiosha, mkono wangu ukagusa kitu ambacho hakikuwepo. Kilikuwa laini, na unyevu, ukubwa wa kidole cha mtoto. Niliondoa mkono haraka. Niliporudi kugusa, kilikuwa kimejirudisha ndani. Kesho yake kikatoka tena. Nilianza kukifikiria kama kitu chenye maisha yake, kinachochungulia na kujificha, na usingizini nilikuwa nabana miguu kisije kikatoka chote.

Mbwa wetu naye akaanza kunifuata. Zamani alikuwa analala kwa mzee. Sasa nikienda kisimani yuko nyuma, nikisimama anakaa, pua juu, akinusa. Hakubweka. Nikimtupia fimbo anasogea kidogo na kukaa tena. Leo najua alikuwa ananusa damu kwenye nguo. Wakati ule niliona anangoja.

Nilienda zahanati mvua zikiwa katikati. Muuguzi aliniuliza nina nini, nikasema tumbo. Akaniuliza tumbo la juu au la chini, nikasema lote. Akanipa dawa ya minyoo. Simlaumu, angejuaje? Baadaye, kulipoanza baridi, niliteremka Soin kwenye joto kumwona chepkerichot, yaani mama wa dawa za miti. Huyo naye nilimwambia tumbo. Alinishika viganja, akaviangalia kwa muda, akasema, "Damu yako inaenda mahali." Nikashtuka. Akauliza, "Kuna mtu mmekosana?" Nikasema hapana. "Basi angalia vizuri. Wengine hawasemi." Alinipa mizizi ya kuchemsha, chungu sana, na kweli kwa muda choo kililainika kidogo. Kwa hiyo siwezi kusema hakunisaidia. Lakini yale maneno yake nilirudi nayo nyumbani, na yalinikaa kuliko dawa.

Mwezi wa saba kwetu ukungu haupandi mpaka saa nne. Wachumaji wakiwa kwenye mistari, chai inawafika kiunoni na ukungu unakula kilichobaki, unaona vichwa tu vinaelea na mikono inayochomoka na kuingia. Nilikuwa nimezoea. Mwaka ule sikuweza kuangalia. Kichwa changu kilikuwa chepesi, masikio yanavuma, na nikiinama kuokota jani nililoangusha, shamba lote linateremka kwenda Kabianga peke yake halafu linarudi. Niliona viganja vyangu vimekuwa vyeupe kama vya mtu aliyekaa kwenye maji.

Wesley alipokuja mwisho wa mwezi nililala nimegeukia ukuta.

"Siku hizi unanikimbia," akasema.

"Nimechoka na chai."

"Chai haijaanza leo. Kama kuna mtu, niambie tu nisikie kwako."

Nilitaka kumwambia. Lakini nilifikiri, nikimwambia sehemu yenyewe, akiniangalia tena ataona hiyo tu. Nikasema hakuna mtu. Alirudi kazini Jumapili kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa na haki ya kukasirika, ingawa mimi pia sikuwa na kosa analodhani.

Ni wiki hiyo nilisikia kuchimba.

Ilikuwa alfajiri, kabla ya ng'ombe kuamka vizuri. Jembe linaingia, kimya kidogo, udongo unatupwa. Jembe, kimya, udongo. Sauti ilitoka upande wa bulugamu. Nilifungua dirisha la mbao, ukungu ukaingia ndani, sikuona kitu. Kulipopambazuka sauti ikaisha. Kesho yake ikarudi. Nikamwuliza Rael kama amesikia mtu akichimba.

"Labda ni fuko," akasema, akaanza kuniuliza habari ya sukari.

Rael hajui kudanganya. Anapodanganya anashika kitambaa cha kichwa. Alikishika.

Siku nyingine nilienda kuokota kuni upande ule nikiwa nimejikaza. Nilikuta shimo limefunikwa na bati kuukuu, mawe juu yake. Halikuwa mbali na kaburi la mama mkwe. Nilisukuma bati kwa mguu. Lilikuwa refu kuliko upana wake, pembe zake zimenyooshwa vizuri, na chini kulikuwa na giza. Jioni ile Rael na mzee walikuwa wakiongea uani kwake. Nilipotokea na ndoo, wakanyamaza. Mzee aliangalia vilima. Siku chache baadaye mbao mpya zikaletwa, za saiprasi, bado zinanuka, zikapangwa chini ya ghala na kufunikwa na magunia.

Najua msomaji atacheka. Na mimi nacheka nikipata nafasi. Lakini mtu ambaye damu imemwisha hafikiri kama mtu aliyeshiba. Niliweka mambo pamoja: mbwa anayengoja, mama wa dawa aliyeshika viganja vyangu, watu wanaonyamaza, shimo karibu na kaburi, mbao. Nikaona wote wamejua kabla yangu. Kwetu kaburi halichimbwi mtu akiwa bado anapumua, ni kama kumwita. Nikafikiri: basi mzee ameniita. Ajabu ni kwamba sikumchukia. Niliona aibu kwamba nimemchosha mpaka ikawa hivyo, mzee wa miaka ile kushika jembe kwa ajili yangu. Kila alfajiri nilikuwa naamka kusikiliza limefika wapi. Sauti ilikuwa inazidi kwenda chini. Nikaacha kabisa kufikiria hospitali. Mtu aende kufanya nini, na shimo limeshachimbwa?

Nilikaribia kufa kwa fikira hiyo. Nasema hivyo polepole ili isomeke vizuri. Bawasiri peke yake isingenifikisha pale haraka hivyo. Kilichonimaliza ni kunyamaza nayo.

Nilianguka kwenye mstari wa chai, kikapu mgongoni. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka majani karibu na macho yangu, makubwa sana, na uso wa Rael juu yake.

"Usifunge macho. Mama Chebet, niangalie."

"Msinizike karibu na bulugamu," nikamwambia. "Pale kuna maji. Nizikeni juu."

"Nani anakuzika?"

"Mzee. Si amemaliza?"

Rael akakaa chini kwenye matope, na kikapu chake, akafunika mdomo. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka pia, yote mawili.

"Kile ni choo," akasema. "Ewe mwanamke. Mzee anakuchimbia choo."

Sikuelewa. Akanieleza pale pale, huku amenishika kichwa. Mzee alikuwa amepita kwenye bulugamu asubuhi moja, akaona damu, na alama za miguu yangu. Alimwita Rael na kumwuliza kama wanawake wa boma hili wana mahali pa kwenda. Rael akasema yeye anaenda kwa jirani, lakini mimi hajui naenda wapi. Baada ya siku mbili mzee akachukua jembe.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Alikataa. Alisema ukijua kwamba yeye amejua, utahamia kwa mama yako. Alisema kiishe tu, siku moja ukute kipo, usiulize." Rael alipangusa pua. "Mimi nilifikiri mimba ilitoka. Nikaogopa kukuuliza. Sasa niambie, ni wapi hasa?"

Nikamwambia ni wapi hasa. Ndiyo mara ya kwanza nililisema lile neno. Halikuwa neno zuri, lakini lilitoka, na Rael hakukunja uso. Akasema tu, "Dada yangu alikuwa nayo," akanisaidia kuinuka.

Kesho yake tulikuwa hospitali, Kericho mjini. Chumba cha kungojea kina mabenchi marefu ukutani na watu wamebanana. Kila mtu aliniambia, "Mama, keti," na mimi nikasema nimezoea kusimama. Mwisho nikaona kuna mzee mmoja mwenye kofia ya sufu naye amesimama, amejishikilia kwenye nguzo, ingawa nafasi ilikuwepo mbele yake. Tukaangaliana.

"Na wewe ni ile?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

Nikaangalia chini. Nikasema ndiyo.

"Mimi tangu nikiendesha trekta," akasema. "Kiti cha trekta na mashimo ya barabara. Nimeambia watu ni mgongo. Bibi yangu ananikanda mgongo kila jioni, maskini, na mgongo wangu ni mzima kabisa."

Nilicheka mpaka ikaniuma. Kama kuna anayesoma haya akiwa amesimama kwenye chumba kama hicho, aangalie kando. Yuko mwingine amesimama.

Sista aliyenipokea alikuwa mtu wa upande wa ziwani, mkubwa, mwenye sauti. Alinikaripia kwa kukawia, na kwa kweli aliongea mpaka waliokuwa nje wakasikia. Lakini tangu asubuhi alikuwa hajakaa, nami niliona miguu yake imevimba. Akaniambia nilale kwa ubavu, magoti kifuani. Nikashikilia sketi yangu kwa mikono miwili.

"Unaogopa nini?"

"Naona haya."

"Mama, kwa hiki kitanda nimeangalia matako ya mwalimu, ya polisi na ya mchungaji. Yako hayana habari mpya. Pumua."

Nikapumua. Daktari akaja, akaangalia haraka, akasema ni bawasiri, zimeanzia ndani na sasa zinatoka nje, na pembeni kuna mchaniko. Kile kitu nilichokiogopa kilikuwa mshipa wangu mwenyewe uliovimba. Nilimwuliza kama ni saratani. Akasema haoni hivyo, lakini nimefanya vizuri kuuliza, kwa sababu damu ya huko inaweza kuwa na sababu nyingine, na hakuna anayeweza kujua kwa kukaa nyumbani. Damu yangu ilipopimwa alitikisa kichwa. Nililazwa, nikaongezewa damu, na baadaye wakanikata zile bawasiri.

Siku za baada ya kukatwa sitazipamba. Zile za kwanza zilikuwa mbaya. Wodini tulijuana kwa kutembea, miguu mbali mbali kama bata. Kilichonisaidia ni vitu vidogo: beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nakaa humo mpaka moto upungue, dawa ya kulainisha choo, uji mwepesi na maji, maji, maji, mboga za isagek na maharagwe ambayo Rael alileta kwenye sufuria iliyofungwa kwa leso. Na sista aliyeniambia nikihisi haja niende hapo hapo, nisingoje, nisisukume, nisikae huko nikifikiria maisha. "Ikikataa, inuka, urudi baadaye. Choo si kanisa."

Wesley alikuja na sare yake ya kiwandani, unga wa chai kwenye nyusi. Rael alikuwa ameshamwambia. Alisimama mwisho wa kitanda akishika chuma.

"Nilikuuliza kama kuna mtu," akasema.

"Uliuliza."

"Ungeniambia tu."

"Ungefanya nini?"

Alifikiri. Wesley ni mtu wa kufikiri akiulizwa. "Sijui," akasema. "Labda ningeogopa. Lakini tungeogopa wawili." Halafu akachukua beseni, akaenda kuuliza mahali pa maji ya moto. Hatukuwa sawa siku hiyo, wala mwezi huo. Tulianza hapo tu.

Nilirudi nyumbani mvua fupi zikianza. Mtu asinidanganye kwamba hospitali ndiyo mwisho. Nilichokuwa nakiogopa zaidi ni asubuhi ya kwanza nyumbani, bila sista, bila dawa ya maumivu yenye nguvu. Rael alinionyesha choo kwa kidevu tu, bila maneno. Kilikuwa kimeezekwa, mbao zimepigwa vizuri hata upepo haupiti, na ndani kulikuwa na mahali pa kukaa, si kuchuchumaa, sanduku la mbao lenye tundu lililosuguliwa mpaka likawa laini kama mwiko. Sijawahi kuona kingine kama hicho huku kwetu wakati ule. Sijui mzee alilitoa wapi wazo hilo. Labda alijaribu kufikiria mtu mwenye maumivu angehitaji nini, akafanya hicho, bila kumwuliza mtu yeyote.

Nikaingia na kufunga mlango. Nikakaa. Nikaogopa. Jasho likanitoka kwenye midomo, na mwili ukajifunga kabisa. Nje kulikuwa na ukungu na nikasikia hatua. Alikuwa mzee, anapeleka ng'ombe malishoni, na njia yake inapita pale pale. Nikashika pumzi. Hatua zikasimama. Nadhani aliona mlango umefungwa.

Halafu akaanza kuongea na ng'ombe. Mzee si mtu wa kuongea, na siku hiyo aliongea kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Alimwambia ng'ombe kwamba nyasi za huku zimeisha, waende kule chini mtoni, mbali, na hawatarudi mpaka saa sita. Akamwambia kwamba sasa wanaondoka. Akamwambia kwamba wameshaondoka. Sauti ikateremka, ikawa ndogo, lakini haikuacha, kila mara nikiisikia kidogo zaidi chini, ili nijue amefika wapi.

Nilipokuwa siisikii tena, mwili ukalegea.